Modeli ya hisabati ni nini? Mazombi yanavyotusaidia kuielewa

Huku Nyanda za Juu Kusini mtoto hukua akisikia habari za msukule: mtu anayesemekana amekufa akazikwa, kumbe mchawi kamchukua na anamlimisha shamba usiku. Zombi wa kwenye sinema za vibanda umiza pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, ni kiumbe tofauti. Msukule hamgeuzi mwenzake kuwa msukule. Zombi akikuuma leo, kesho na wewe unauma. Kwa mwanahisabati, tofauti hiyo moja ndiyo kila kitu.

Chukua mchawi anayejipatia misukule wawili kila siku. Siku ya 12 anao 24. Sasa chukua zombi mmoja, kisha useme yeye na kila aliyegeuka anauma watu wawili kwa siku. Siku ya kwanza wanakuwa watatu, ya pili tisa, ya tatu 27. Siku ya 12 wamefika 531,441, karibu sawa na watu wote wa Jiji la Mbeya kwa sensa ya 2022.

Hapo tayari tumetengeneza modeli ya hisabati. Modeli ni maelezo ya jambo kwa namba na kanuni: watu wako katika makundi gani, wanahama vipi kutoka kundi moja kwenda jingine, na kwa kasi gani. Unaanza na dhana ulizozichagua mwenyewe, kama ile ya kuuma watu wawili, kisha unaacha hesabu ikupeleke inakokwenda. Ikikupeleka mahali pasipo na akili, unarudi kukagua dhana zako.

Na modeli yetu ni mbichi kweli. Inadai kwamba hata siku ya mwisho kila zombi atapata watu wawili wa kuuma. Soko zima likiwa mazombi watupu, atamuuma nani? Kwa hiyo idadi ya watakaoumwa inapaswa kutegemea idadi ya watu wazima wa afya ukizidisha kwa idadi ya mazombi. Katika kijiji cha watu 100, mazombi wawili na wazima 98 wanatoa jozi 196 za zombi na mtu zinazoweza kukutana. Wakiwa nusu kwa nusu, 50 mara 50 ni 2,500. Mazombi wakifika 98, tunarudi 196. Mlipuko huanza polepole, hupanda ghafla katikati, halafu hufifia kwa kukosa wa kuambukizwa. Nadhani hili ndilo jambo ambalo watu wengi hawalihisi mapema: ule utulivu wa siku za kwanza haumaanishi kwamba hatari ni ndogo.

Kanuni hiyo ya kuzidisha ni ya zamani. Mwaka 1927, Kermack na McKendrick wa Uskoti waliwagawa watu katika makundi matatu: wanaoweza kuambukizwa, wagonjwa, na waliotoka, yaani waliopona au kufa. Walilinganisha hesabu yao na vifo vya tauni vilivyotokea Bombay, India, mwaka 1905 na 1906, na mstari wao ukafuatana vizuri na vifo hivyo. Modeli nyingi za magonjwa mpaka leo ni wajukuu wa ile.

Mwaka 2009 watafiti wanne wa Kanada, Munz, Hudea, Imad na Smith, wakaipeleka modeli hiyo kwa mazombi. Ugumu waliokutana nao unavutia. Katika magonjwa ya kawaida aliyekufa ametoka kwenye hesabu, lakini hapa kundi la tatu linavuja: wafu wanaweza kuamka na kurudi kwenye kundi la pili. Tena mtu na zombi wakikutana, ama mtu anaumwa, ama zombi anaangushwa. Lakini ikiwa aliyeangushwa anaweza kuinuka tena, ushindi wako ni wa muda tu. Walipoweka mji wa watu 500,000, mazombi waliwazidi watu kwa takriban siku tatu. Wakajaribu karantini, haikutosha. Wakajaribu dawa ya kuponya. Watu walibaki, ila wachache. Kilichofanikiwa ni mashambulizi ya kurudiarudia, kila moja likiwa kali kuliko lililotangulia.

Sasa weka barabara kuu ya Tunduma hadi Iringa ndani ya hesabu. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300. Zombi anayekokota miguu kilomita 3 kwa saa, usiku na mchana bila kupumzika, atatumia siku nne na zaidi. Lakini mtu aliyeumwa alfajiri, ambaye bado anaongea na kulipa nauli kama kawaida, anapanda basi stendi ya Nane Nane, anapita Makambako na Mafinga, na jioni yuko Iringa. Kwa hiyo kundi la kuogopa zaidi ni la wale walioambukizwa ambao bado hawajageuka. Ukilisahau, modeli yako itakuambia una siku nne za kujiandaa wakati huna hata moja. Vijiji vya Makete huko juu vingefikiwa baadaye sana. Utafiti wa mazombi wa Chuo Kikuu cha Cornell wa mwaka 2015, uliotumia ramani ya watu wa Marekani, ulionyesha jambo la namna hiyo: maeneo ya milimani yenye watu wachache ndiyo yaliyodumu.

Kwa nini watu wazima wapoteze muda kwa kiumbe asiyekuwepo? Kwa sababu tunao ugonjwa unaoenezwa kwa kuuma, kichaa cha mbwa. Mwaka huohuo wa 2009 ulichapishwa utafiti uliofanyika Serengeti na Ngorongoro, ambako watafiti walifuatilia nani aliumwa na mbwa yupi. Walikuta kwamba kila mbwa mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, zaidi kidogo tu ya mbwa mmoja.

Tuseme ni 1.2, yaani mbwa 10 wagonjwa wanazaa wagonjwa 12. Ukiwakinga wawili kati ya kila 12, ambao ni kama 17 katika 100, ugonjwa haukui tena. Mbona basi lengo la chanjo duniani ni mbwa 70 katika kila 100? Jibu liko kwenye kundi ambalo hesabu hii fupi imelisahau: mbwa hufa, na watoto wa mbwa huzaliwa bila kinga. Ukianza na 70, idadi inashuka mwezi baada ya mwezi, na unataka siku timu ya chanjo inaporudi mwakani ikute mbwa waliokingwa bado wako juu ya kile kizingiti cha 17 katika 100. Ndiyo maana kampeni hurudiwa kila mwaka, na ndiyo maana hata mtoto wa mbwa aliyezaliwa majuzi anatakiwa kupelekwa kuchanjwa.