Bunduki ya mtutu mmoja ya bei chee: wanayosema watu na ulivyo ukweli

Kwenye maduka ya rehani na minada ya mashambani huko Marekani kuna bunduki isiyokosekana: ya marisau, mtutu mmoja, nyundo nje, inafunguka kwa kukunjwa nyuma ya mtutu, unatia risasi moja, basi. Utakuta H&R Topper (ya kampuni ya Harrington na Richardson), Iver Johnson Champion, au Stevens ya zamani. Nyingi zilitoka viwanda vya Massachusetts, katika miji ya Worcester, Fitchburg na Chicopee Falls, zikauzwa kwa wakulima na kwa vijana wanaoanza kuwinda. Kwa kuwa ni rahisi, ndiyo mtu huinunua ili aifanyie ufundi mwenyewe nyumbani. Na kwa kuwa karibu kila ukoo wa huko uliwahi kuwa nayo, kila mtu ana lake la kusema. Mengi ya hayo yanaelekeza mikono pasipofaa: mtutu na mitambo, wakati kazi yenye tija iko kwenye mbao na ngozi ya chuma.

"Ni mali yangu, nitakata mtutu nitakavyo."

Hapa ndipo watu huingia matatani. Sheria ya silaha ya shirikisho ya mwaka 1934 inasema bunduki ya marisau yenye mtutu chini ya inchi 18 (kama sentimita 45.7), au yenye urefu wa jumla chini ya inchi 26 (sentimita 66), ni silaha ya kundi maalumu: lazima isajiliwe na kibali kipatikane kabla ya kuitengeneza, si baada. Kuwa nayo bila usajili ni kosa la jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 10. Kesi iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1939, ya Miller, ilihusu hilo hilo: Stevens ya mitutu miwili yenye mtutu mfupi, iliyosafirishwa kutoka Oklahoma kwenda Arkansas. Mahakama iliiacha sheria isimame. Na mkasa wa Ruby Ridge kule Idaho, mwaka 1992, ambako maafisa wa serikali waliizingira familia ya Weaver, chimbuko lake lilikuwa shitaka la kutengeneza na kuwa na bunduki mbili za marisau zilizokatwa.

Wengi hukariri ile inchi 18 wakasahau ile 26. Mtu hagusi mtutu hata kidogo, ila anakikata kitako kibaki kishikio cha bastola, kisha anashangaa kuambiwa amevuka mstari. Bunduki hizi zina bodi fupi (kile chuma cha kati kinachobeba mtutu, nyundo na kifyatulio), kwa hiyo urefu wa jumla huisha upesi.

Tukiweka sheria kando, kukata kunaharibu bunduki yenyewe. Ule mbano unaoshikilia marisau yasitawanyike mapema uko kwenye inchi chache za mwisho za mtutu. Bunduki hizi nyingi zilitoka kiwandani na mbano kamili, ambao kwa kipimo cha kawaida huingiza takribani asilimia 70 ya marisau ndani ya duara la inchi 30 kwa umbali wa yadi 40. Ukiondoa ncha umeondoa mbano wote, na bata mzinga uliyekuwa unamfikia jana leo anakuangalia tu.

Msomaji wa Nairobi au Mwanza asizibebe sheria hizi kama zilivyo. Kenya ina Sura ya 114 ya sheria zake, Tanzania ina sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na kote huko hata kumiliki tu kunataka leseni. Ukiona video ya Mmarekani na jiliwa lake gereji, jua anafanya hivyo chini ya sheria za kwao, ambako mtu anaruhusiwa kurekebisha bunduki yake binafsi bila leseni ya ufundi, mradi asifanye biashara kwa za wenzake na asivunje sheria za jimbo lake.

"Haina namba, basi ni ya wizi."

Si lazima. Kabla ya sheria ya mwaka 1968, viwanda vya Marekani havikulazimika kupiga namba kwenye kila bunduki ya marisau, na hizi za bei ya chini mara nyingi zilitoka bila namba. Bunduki iliyozaliwa bila namba ni halali. Iliyokuwa na namba ikafutwa ni kosa zito. Kwa hiyo unaponunua, kagua chuma chini ya mwanga: alama za tupa au bonde la kusagwa pale namba inapokaa zinatosha kuirudisha mezani. Na ukianza kusafisha, msasa usipite juu ya maandishi yoyote.

"Risasi ikiingia na bunduki ikifunga, inafaa."

Hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Urefu wa ganda la risasi unaoandikwa kwenye boksi ni urefu likiwa limeshafyatuliwa, mdomo umekunjuka. Kabla ya hapo mdomo umekunjwa ndani, ganda ni fupi, na linaingia bila shida kwenye chemba (tundu la nyuma ya mtutu linamokaa risasi) isiyo yake. Ukifyatua, mdomo unakunjuka mbele ya chemba, njia inabanwa, na shinikizo linapanda. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu: namba ikiwa ndogo, mtutu ni mpana. Geji 16 za zamani nyingi zilikuwa na chemba ya inchi 2 na 9/16, wakati risasi ya leo ni inchi 2¾. Fundi hupima chemba kwa dakika chache. Mlipe.

Kuna na lile la geji 20 ndani ya geji 12. Risasi ya geji 20 inateleza ikapita chemba ya geji 12, inakwama mbele mahali usipoiona. Mtu anadhani hajatia kitu, anatia ya geji 12 nyuma yake. Mtutu hupasuka. Ndiyo maana risasi za geji 20 hutengenezwa za manjano, ili jicho lizikamate mfukoni. Kabla ya kazi yoyote ya karakana, fungua bunduki, chungulia mtutu mzima hadi uone mwanga upande wa pili, na risasi zibaki chumba kingine.

"Mtutu wowote wa Topper utaingia kwenye Topper yangu."

Hapana. Kila mtutu ulirekebishwa kiwandani ukae na bodi yake. H&R walikuwa na utaratibu wa mteja kupeleka bodi kiwandani ili iwekewe mtutu wa pili, lakini uzalishaji wa bunduki hizi ulikoma mwaka 2015. Mtutu ulioletwa na posta unaweza kufunga vizuri machoni huku ukiacha mwanya nyuma ya risasi.

"Mbao imechakaa, anza na msasa."

Msasa uje mwishoni, tena kidogo. Kwanza kitoe kitako: ondoa bamba la nyuma, utaona tundu refu, na ndani yake boliti inayoshika mbao na bodi. Tumia bisibisi ndefu yenye ncha inayojaza mfereji wa boliti sawasawa. Bisibisi ya jikoni yenye ncha iliyochongoka hutafuna skrubu, na skrubu iliyotafunwa ndiyo inayomwambia kila mtu kwamba hapa pamepita asiyejua.

Vanishi ya kiwandani itoe kwa dawa ya kuondolea rangi, nje penye hewa. Mikwaruzo iliyochanika haina dawa, ila mabonde yaliyobonyea yanainuka: weka kitambaa chenye maji juu ya bonde, gusa kwa pasi ya moto, mvuke unavimbisha nyuzi za mbao na bonde linapanda. Rudia. Inapendeza kuangalia. Pale mbao inapokutana na bodi mara nyingi utakuta weusi wa mafuta ya miaka mingi. Hayo yanyonywe kwa unga wa chaki na joto la taratibu, maana rangi mpya haishiki juu ya mafuta. Na usipige msasa kwenye ukingo huo. Ukipunguza mbao hapo, chuma kitasimama juu yake kama paa lililozidi ukuta, na hakuna kurudi nyuma.

Jambo jingine: wengi wanategemea kukuta mti wa jozi chini ya ile rangi ya kahawia. Kwenye bunduki za bei hii mara nyingi ni mti mgumu wa kawaida uliopakwa rangi uonekane jozi, na rangi haiuingii kwa usawa. Paka kidogo kidogo, kisha mafuta ya kitani katika tabaka nyembamba. Vitambaa vya mafuta hayo usivifinyange ukavitupa pipani, kwa sababu yakikauka yanatoa joto na kitambaa kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandaze nje vikauke.

"Kichupa cha rangi ya chuma kitairudisha kama mpya."

Ile dawa ya kichupani, inayopakwa bila kuchemshwa, inafaa kuficha mikwaruzo. Kwa mtutu mzima hutoka mabaka, na pale mkono unaposhika hufutika mapema. Kazi ya kiwandani ya siku hizi hufanywa kwenye chumvi za kostiki zinazochemka karibu nyuzi 140, kitu kisicho na nafasi nyumbani. Iliyopo katikati ni njia ya zamani ya kutu: mtutu uliosafishwa mafuta yote unapakwa dawa inayoutia kutu nyekundu laini, unachemshwa kwenye maji safi, kutu inageuka nyeusi, unasuguliwa kwa stilwaya laini, kisha unarudia. Ni polepole mno, lakini matokeo yake yanadumu. Baadhi ya Topper zina bodi ya kromu, na kromu haishiki rangi hiyo kabisa.

"Ni ndogo na nyepesi, itamfaa mtoto."

Wepesi ndio unaoumiza. Geji 12 yenye uzito wa kilo 2.5 hivi inarudi nyuma kwa kasi kuliko yenye kilo 3 na zaidi, kwa risasi ile ile. Wengi wamechukia kulenga tangu siku ya kwanza kwa sababu hii. Hapa ndipo mpira mzuri wa nyuma ya kitako unapolipa kuliko pambo lolote, pamoja na uzito kidogo ndani ya tundu la boliti na risasi hafifu. Kwa anayejifunza, geji 20.

"Kifyatulio kizito, kipunguze kwa tupa."

Usikiguse. Meno yanayoshika nyundo ni madogo, ugumu wake uko juu juu, na ukiyapunguza nyundo inaweza kuanguka bila kuombwa. Bunduki za zamani zaidi hazina kile kipande cha usalama kinachoruhusu pigo la nyundo liifikie pini inayogonga risasi pale tu kifyatulio kinapovutwa, kilichokuja kwenye H&R za baadaye; nyundo ikiwa chini inaweza kukaa juu ya pini, na pini juu ya risasi. Hiyo ibebwe wazi, tupu, hadi mahali pa kuwindia.

"Ukiipamba utaiuza kwa faida."

Kwa saa ulizotumia, hasara. Topper ya kawaida haipandi bei kwa kitako kinachong'aa, na ile adimu inayotafutwa na wakusanyaji hushuka bei ikiguswa. Bamba la zamani, skrubu zake na chochote ulichokitoa, vitie kwenye mfuko, andika ni vya bunduki ipi, viuzwe nayo.