Kusomea Kompyuta Chuo Kikuu: Yanayosemwa Mtwara na Yaliyo Kweli

Msimu wa korosho na ufunguzi wa vyuo vikuu hukutana. Minada huanza Oktoba, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza huripoti vyuoni kati ya Oktoba na Novemba, kwa hiyo katika nyumba nyingi za Newala, Tandahimba na Masasi mazungumzo ya ada hufanyika huku mzazi akisubiri malipo ya mzigo wake ulioko ghalani. Kijana akitaja sayansi ya kompyuta, hoja za kumpinga, na mara nyingine hata za kumuunga mkono, huwa zimesimama juu ya mambo yasiyo ya kweli.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kusomea kompyuta ni kujifunza kuitumia. Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, miaka mitatu yote ya nini, ilhali pale mjini steshenari wanafundisha kwa miezi mitatu na cheti wanatoa?" Swali lake lilikuwa la haki. Kozi ya steshenari hufundisha kuchapa barua, kupanga majedwali na kutuma barua pepe, nayo ina manufaa yake, lakini haimwandai mtu kukabili maswali ambayo shahada imewekwa kwa ajili yake. Nilimjibu kwa mnada anaoufahamu yeye mwenyewe. Tangu msimu wa 2024/2025 korosho zimekuwa zikiuzwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mkulima huiona bei tu. Anayetengeneza mfumo wa mnada, uwe huu au mwingine wowote, analazimika kuamua mambo ambayo mkulima hayaoni: wanunuzi wawili wakitaja bei ileile na tani zilizobaki haziwatoshi wote, nani atangulie, mtandao ukikatika katikati ya zabuni, zabuni hiyo ihesabiwe au ifutwe, na ifanyweje ili mzigo mmoja usiuzwe kwa watu wawili waliobonyeza kwa wakati mmoja. Mambo haya yana nadharia zake katika masomo ya hifadhidata (namna ya kutunza taarifa), mifumo endeshi (programu zinazoiendesha mashine yenyewe) na mitandao, na sehemu yake kubwa hufikiriwa kwa kalamu na karatasi kabla mashine haijawashwa.

Mfano mdogo zaidi ni daftari la wanachama wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Majina 1,000 yakiwa yamepangwa kialfabeti, nawe ukawa unatazama jina la katikati na kuiacha nusu isiyohusika kila mara, utalifikia jina lolote kwa hatua zisizozidi 10. Yakiwa 1,000,000, hatua hazitazidi 20. Yasipopangwa, huenda ukalazimika kuyasoma yote. Kuthibitisha kwamba ni hivyo, na kupima njia moja dhidi ya nyingine, ndiyo kazi ya somo la algoridhimu, yaani hatua zilizopangwa za kutatua tatizo. (Kwa wapendao asili ya maneno, algoridhimu ni jina la mtu: al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, ambaye kitabu chake cha tarakimu kilipotafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, jina lake liliandikwa Algoritmi.)

Dhana nyingine huwaumiza wanafunzi wenyewe kuliko wazazi, nayo ni kwamba aliyesoma shule isiyo na maabara ya kompyuta ameshachelewa. Si kweli, ingawa nisiseme kwamba haina hata chembe ya ukweli: aliyezoea kibodi humtangulia mwenzake katika majuma ya mwanzo. Hata hivyo somo la kwanza la uandishi wa programu huanzia chini kabisa, yaani namna ya kuhifadhi thamani, namna ya kuweka sharti, na namna ya kurudia hatua mpaka sharti litimie. Aliyekaa barazani Mikindani au Kilwa akawatazama wazee wakizihesabu kete za bao kichwani kabla mkono haujagusa shimo, amekwisha kuiona fikra ya namna hiyo ikifanya kazi.

Kuhusu hisabati zipo dhana mbili zinazopingana, na zote zimekosea. Wa kwanza husema fani hii ni ya wenye vipaji vya ajabu. Wa pili husema hisabati haihitajiki kwa kuwa mashine ndiyo itakayokokotoa. Hisabati itakayomkuta mwanafunzi haina mahesabu mengi ya tarakimu kubwa, bali ina mantiki, seti, grafu, uwezekano na uthibitisho. Kwa maoni yangu, aliyepata alama ya wastani huku akitaka kujua kwa nini jibu ni sahihi ana nafasi nzuri kuliko aliyekariri njia akapata alama ya juu. Masharti ya kujiunga hutofautiana kati ya chuo na chuo, na huchapishwa kila mwaka katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Huko ndiko kwa kuyatafuta, wala si kijiweni.

Kwamba hii ni fani ya wavulana, sina sababu ya kuikalia sana: Ada Lovelace, mwanamke Mwingereza aliyependa hisabati, alichapisha maelezo ya hatua za kukokotoa kwa mashine mwaka 1843, na walioipangia kazi ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kielektroniki za mwanzo, huko Marekani katika miaka ya 1940 walikuwa wanawake sita.

Iliyobaki inagusa mfuko. Wazazi wengi huamini kwamba bila kompyuta mpakato mpya ya bei kubwa kijana hataweza hata kuanza. Programu za mwaka wa kwanza, yaani ile ya kuandikia msimbo (maelekezo anayoyaandika mtu kwa ajili ya kompyuta) na ile ya kuugeuza uwe lugha ambayo mashine inaielewa, hupatikana bure, na hufanya kazi vizuri kwenye kompyuta iliyokwisha kutumika yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya GB 4. Maabara za chuo zipo pia, japo foleni yake wakati wa mitihani inachosha. Yule mzazi aliyeniuliza kuhusu steshenari alilipa ada kwanza, akaiacha kompyuta isubiri malipo ya mnada uliofuata. Iliponunuliwa, mwezi Januari, binti yake alikuwa ameshaandika maabarani programu ya kutafuta jina katika orodha, na akampigia baba yake simu kumweleza kwamba ilikuwa imekosea kwa sababu alisahau kuyapanga majina.