Umeanza Chuo Vibaya na Unataka Kusomea Meno: Unayoambiwa na Yaliyo Kweli

Kwa muda mrefu dhana iliyonichosha kuliko zote kliniki ilikuwa ya ebiino. Mama analeta mtoto mchanga mwenye homa na kuhara, na tayari mganga amemchimba ufizi kutoa "meno ya uongo", kumbe alichong'oa ni chipukizi la chonge ambalo lingeota lenyewe wakati wake ukifika. Ebiino bado ipo. Ila siku hizi imepata mshindani, na huyu huja kwa miguu yake, na simu mkononi. Ni kijana wa mwaka wa pili chuoni, kaja kuziba jino, na kabla ganzi haijaanza kufanya kazi ananiuliza: "Dokta, mwaka wa kwanza niliharibu. Nimalize kwanza hii digrii, nipandishe GPA, yaani wastani wa alama zangu, halafu niombe meno?"

"Lazima umalize digrii kwanza, uokoe GPA, ndipo usomee meno"

Hapana. Huo ni utaratibu wa Marekani, na ndugu yangu, wewe uko Wandegeya, hapa Kampala. Kule meno husomewa baada ya chuo: wengi humaliza shahada ya kwanza, hufanya mtihani uitwao DAT, kisha huingia shule ya meno kwa miaka 4. Maombi mengi hupitia mfumo mmoja wa pamoja, na kila alama uliyowahi kupata chuoni huhesabiwa, hata ya somo ulilolirudia. Ndiyo maana Wamarekani wanazungumza usiku na mchana juu ya kuokoa GPA. Kwao ndiyo roho ya maombi.

Huku kwetu Uganda, Bachelor of Dental Surgery, yaani digrii ya udaktari wa meno, ni shahada ya kwanza. Makerere wamekuwa wakifundisha madaktari wa meno tangu miaka ya 1980, na kozi ni miaka 5, ikifuatwa na mwaka mmoja wa intanishipu, yaani mazoezi ya kazi hospitalini. Anayeingia kwa cheti cha kidato cha sita hupimwa kwa UACE, mtihani wa mwisho wa kidato cha sita, na UCE, ule wa kidato cha nne. Hakuna mahali katika hesabu hiyo panapoingia GPA yako ya Bachelor of Commerce uliyoianza kwa sababu mjomba alisema ina kazi. Riteki zako tatu, yaani masomo uliyofeli ukatakiwa kuyarudia, za mwaka wa kwanza hazikupunguzii pointi hata moja. Ila hata ukipata alama za juu miaka yote iliyobaki, hazikuongezei.

Hilo la mwisho ndilo watu hawataki kulisikia. Nimewaona vijana wakikaa miaka mitatu kwenye kozi wasiyoipenda, wanalipa ada, wanakesha, wakiamini wanajenga daraja la kwenda Mulago, hospitali wanakofundishiwa madaktari wa Makerere. Wakimaliza, wanakuta swali wanaloulizwa ni lilelile la siku ya kwanza: Biolojia na Kemia ya kidato cha sita ulipata ngapi?

Njia ya wenye digrii ipo, sikatai. Lakini iangalie kwa kalamu, usiiangalie kwa matumaini. Inataka digrii yenye uhusiano na sayansi hizi, nafasi zake ni chache, na hapo ndipo GPA yako inakuja mezani yote, mwaka wa kwanza ukiwemo. Tuseme mwaka wa kwanza ulipata 2.1 kwa krediti 40. GPA yetu inahesabiwa juu ya 5, kwa hiyo hiyo ni alama ya kuponea chupuchupu. Ukitaka kumaliza na daraja la pili la juu, yaani 3.60 kwenda juu, inabidi miaka miwili inayofuata, krediti 80, uwe na wastani wa karibu 4.4. Jumlisha: 84 na 352 ni 436, gawa kwa 120, unapata 3.63. Umepita kwa tundu la sindano. Na 4.4 maana yake ni kuwa karibu na B+ katika kila somo, muhula baada ya muhula, wewe uliyekuwa unapata D juzi. Wako wanaoweza. Kama mmoja wao ni wewe, na kozi yako ni ya sayansi, na umebakiza kidogo, maliza. Wengine wote wananipotezea ganzi.

Sasa hesabu ya upande wa pili, ambayo hakuna anayeniuliza. Kwenye UACE, A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2. Kwa meno, Biolojia na Kemia huzidishwa mara 3, na somo la tatu, Fizikia au Hisabati, mara 2. GP (General Paper, karatasi ya maarifa ya jumla) na sabsidiari, somo dogo la ziada, huongeza pointi moja moja, UCE huongeza kidogo, na wasichana hupewa 1.5 zaidi. Aliyepata C ya Biolojia, D ya Kemia na E ya Fizikia ana 12, 9 na 4. Ukiweka GP na sabsidiari, ni 27. Akirudia mtihani akapata A, B na B, ana 18, 15, 10 na zile 2, jumla 45. Pointi 18 kwa mwaka mmoja. Linganisha na miaka mitatu ya kuvuta GPA kutoka 2.1 hadi 3.63, kisha uniambie ipi ni njia ndefu.

Najua kwa nini watu hawaitaki. Ni aibu. Mtu aliyekwisha kuvaa gauni la chuo arudi kukaa chumba kimoja cha mtihani na watoto wa kidato cha sita? Mzazi naye huniambia, "Dokta, majirani watasemaje?" Majirani hawajawahi kumlipia mtu ada ya muhula hata mmoja.

Lakini usikimbilie kujisajili kabla hujajua nini kilikuangusha. Kama ni pesa, kazi ya usiku, ugonjwa, pombe, au ni Kemia yenyewe hujaielewa tangu kidato cha tano, kitu hicho bado kipo. Kurudia mtihani bila kukigusa ni kuziba jino juu ya uozo: kwa nje linang'aa, chini linaendelea kuoza, na tutaonana tena.

"Nitarudia Kemia peke yake, Biolojia yangu ilikuwa sawa"

Ufaulu wa prinsipo, yaani masomo makuu ya kidato cha sita, unaohesabiwa ni wa mtihani wa mwaka mmoja. Huwezi kuchukua Biolojia ya mwaka ule ukaiunganisha na Kemia ya mwaka huu. Rudia masomo yote, na GP pia. Ushauri wangu ninaoutoa hata nisipoombwa: kabla ya kulipa popote, iangalie maabara ya kituo utakachojisajili kama mtahiniwa binafsi. Biolojia na Kemia zina karatasi ya vitendo. Kuna vituo ambavyo mtahiniwa binafsi anaiona bureti kwa mara ya kwanza siku ya mtihani, halafu tunashangaa matokeo. UNEB, baraza la mitihani la taifa, husajili miezi mingi kabla ya mtihani wa Novemba; ukisubiri Septemba ndipo uamue, umeupoteza mwaka.

"Diploma ya meno ni ya waliofeli, haikupeleki popote"

Hii nayo inanipandisha presha. Maafisa wa meno wenye diploma ndio wanaong'oa na kuziba meno katika vituo vya afya vya ngazi ya nne na hospitali nyingi za wilaya. Bila wao, mtu wa Karamoja au Kisoro angesafiri hadi mjini kwa jino moja. Diploma ni miaka 3, Taasisi ya Mulago ndiyo inayojulikana zaidi, na masharti ya kuingia yako chini ya yale ya digrii. Ukimaliza unasajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Afya Shirikishi na unaanza kazi. Ukifaulu vizuri, unaweza kuomba digrii kwa mlango wa diploma.

Tahadhari moja: chuo kiwe kimesajiliwa na kozi yenyewe iwe imeidhinishwa. Usiulize chuo. Uliza Baraza. Hakuna chuo kitakachokwambia kozi yake haitambuliki.

Na ukiniuliza mimi kwa kijana aliyeanguka chuoni na hana uhakika kama anapenda meno au anapenda koti jeupe, diploma ndiyo njia ninayoipendelea. Ndani ya mwaka wa kwanza utakuwa umeshanusa jipu la jino likifunguliwa. Baada ya hapo hutahitaji mshauri.

"Nikishaingia chuoni nitabadilisha kozi kimyakimya"

Kubadilisha kozi hufanyika mwanzoni mwa mwaka wa kwanza tu, na lazima uwe umefikia pointi za kozi unayoitaka mwaka huo. Kama ungekuwa nazo na uliiomba, ungekuwa umeshachaguliwa.

"Sitaji kwamba niliwahi kuacha chuo"

Fomu ikikuuliza, jibu kweli. Kuacha chuo si kosa. Kudanganya kwenye fomu ni kosa, na udahili uliopatikana kwa uongo hufutwa wakati wowote utakapogundulika, hata ukiwa mwaka wa nne. Halafu jiondoe rasmi kwenye kozi ya zamani, kwa barua, uwe na nakala. Watu wengi "huacha" kwa kutokwenda darasani tu, na jina lao linabaki kwenye orodha. Chuo hakimruhusu mtu kusajiliwa katika kozi mbili kwa wakati mmoja.

"Meno ni ya waliokosa udaktari"

Wanafunzi wa meno huanza kwa anatomia, fiziolojia na biokemia ileile wanayoisoma wa udaktari. Kama umekuja hapa kwa sababu unadhani ni rahisi, rudi kwenye biashara.

"Nina miaka 25, nimechelewa"

Hakuna aliyekuuliza umri. Endelea.

"Nje ya nchi ni rahisi, wanachukua yeyote"

Wapo wanaochukua yeyote, ndiyo. Mawakala wanapatikana kwa urahisi pia, na wote wana picha nzuri. Anayesomea nje ya Afrika Mashariki akirudi anakutana na mtihani wa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno kabla ya kuruhusiwa intanishipu, na mtihani huo haujali ulilipa dola ngapi. Ukitaka kutoka, angalia kwanza Nairobi au Muhimbili ya Dar es Salaam. Nchi za Jumuiya zina utaratibu wa kutambuana madaktari, na vyuo hukaguliwa kwa pamoja. Huko nako watakuuliza Biolojia na Kemia.

"Nikae kliniki nikiangalia, itanisaidia kuchaguliwa"

Kuchaguliwa, hapana, nalo limetoka Marekani. Hapa hakuna pointi za kukaa kliniki. Lakini njoo ukae, nitakupa kiti pembeni. Njoo Jumatatu asubuhi, siku ya waliovumilia maumivu wikendi nzima, na usije umeshiba sana.