Je, wajua? Mfupa uliovunjika huanza kupona kwa kuvimba

Mkono ukivunjika, uvimbe na joto vinavyofuata huonekana kama maradhi ya pili juu ya jeraha. Imani hiyo hupewa nguvu na baridi yabisi, ugonjwa ambao viungo huvimba kwa miaka na mifupa ya jirani hulika kweli. Watu wengi hukata shauri kwamba uvimbe ndio unaoula mfupa. Sivyo. Uvimbe wenyewe haugusi mfupa. Zinazoumega ni seli za mwili ziitwazo osteoklasti, na mara nyingi zinazoziita kazini ni seli za ukoo wa osteoblasti, yaani wajenzi wenyewe wa mfupa. Uvimbe huwabadilishia wajenzi hao maagizo, na hilo hufanyika ndani kabisa, kwenye usomaji wa jeni.

Kazi ya ujenzi husimamiwa na protini iitwayo RUNX2. Mwaka 1997 ilibainika kuwa panya wasio na jeni yake huzaliwa na kiunzi cha gegedu tupu, nao hufa mara moja kwa kushindwa kupumua.

Sasa, seli za kinga zikifika penye jeraha hutoa protini nyingine, TNF. Hii haiingii ndani ya osteoblasti. Huishia kwenye kipokezi kilicho juu ya utando wake. Ndani kuna NF-kappa B, protini ya kuwasha jeni, iliyogunduliwa na Ranjan Sen na David Baltimore mwaka 1986. Ichukulie kama jahazi lililotia nanga nje ya bandari, bandari ikiwa ni kiini cha seli. Nanga ni protini iitwayo IkB. Habari za TNF zikifika, kimeng'enya huitia nanga alama ya fosfeti, na nanga yenye alama huvunjwavunjwa. Jahazi huingia bandarini na kuwasha jeni kadhaa, ikiwemo ya IL-6, protini inayoeneza habari za uvimbe.

Linalonistaajabisha zaidi ni hili: miongoni mwa jeni za mwanzo kuwashwa ni ile ya kutengeneza nanga mpya. Nanga hiyo huingia bandarini, hulikamata jahazi na kulirudisha nje. TNF ikiwa ya muda mfupi, mambo hutulia. Ikiendelea kumiminika kwa miezi, nanga mpya nazo huvunjwa tena na tena.

Hapo ndipo ujenzi unapodorora. TNF hupunguza utengenezaji wa RUNX2 na kuharakisha uharibifu wa ile iliyopo, huku seli zikitoa RANKL zaidi, protini inayokomaza osteoklasti.

Muda, basi, ndio unaoamua: TNF ya muda mfupi husaidia mfupa kupona, ya muda mrefu huudhuru. Panya wasio na vipokezi vya TNF huchelewa kuunga mifupa iliyovunjika. Kwa binadamu ushahidi ni mwembamba zaidi: tafiti kuhusu dawa za kutuliza maumivu na uvimbe baada ya kuvunjika hazikubaliani kama huchelewesha kupona, hivyo asiache mtu dawa zake kwa sababu ya panya.

Kwa wenye baridi yabisi, dawa zinazozuia TNF zimetumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, nazo hupunguza sana kasi ya mifupa kulika. Sehemu iliyokwisha kulika ni nadra kujengeka upya kikamilifu, ndiyo maana madaktari husisitiza matibabu yaanze mapema.