Je, wajua kwa nini gasketi mpya ya tapeti kava huanza kuvuja tena baada ya muda mfupi?

Mwenye Hilux ya zamani anaijua harufu hii. Gari limetoka kupanda mlima, sasa limenasa kwenye foleni, kioo kiko chini, na ndani kunaingia harufu ya oili inayokaangwa. Eksozi haihusiki. Ni tone moja moja linalotambaa ukingoni mwa tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, kisha linadondokea menifoldi (bomba la kutolea moshi lililofungwa kwenye injini) yenye moto na kuungulia hapo hapo. Unampelekea fundi, anabadilisha gasketi, ule ukanda wa kuziba ukingo huo, unalipa, mnaagana vizuri. Mwezi haujaisha, harufu imerudi.

Lawama zote humwangukia muuza spea: "Aliniuzia feki." Huenda kweli. Ila mimi nimeshaona gasketi orijino ikivuja na ya bei poa ikikaa miaka, na jibu liko katika kazi yenyewe ya gasketi hiyo.

Tuchukue injini ya 22R, ya petroli, lita 2.4, iliyobeba Hilux nyingi za miaka ya 1980. Bloku yake ni ya chuma, hedi, kichwa kinachokaa juu ya bloku, ni ya aluminiamu, kemshafti moja (mhimili wa kufungulia vali) inazunguka juu ya hedi, na kifuniko kizima kinabanwa na nati nne tu. Nne! Aliyeichora hakuwa anabana matumizi. Oili iliyoko chini ya kifuniko haina presha. Presha ya pampu inaishia kwenye kemshafti na roka, vile vikono vinavyosukuma vali. Ikishatoka hapo inarukaruka, inapiga kifuniko, inatiririka kurudi sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa uzito wake. Gasketi ya hedi inazuia mlipuko. Hii ya tapeti kava inazuia mvua.

Kwa hiyo haihitaji nguvu, inahitaji ulaini. Iwe laini ya kutosha kujaza mabonde madogo ya chuma, na iwe na tabia ya kusukuma kurudi kila inapobanwa, kwa sababu aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kila asubuhi ukiwasha na kila jioni ukizima, hedi na kifuniko vinasogeleana na kuachana kidogo sana, na gasketi lazima ifuate. Joto la miaka ndilo linaloiua tabia hiyo. Fungua ya zamani uitazame: imekuwa bapa, ngumu, ukiikunja inakatika kama biskuti. Ibonyeze kwa ukucha. Mpira ulio hai huficha alama mara moja. Uliokufa hubaki nayo.

Sasa ukienda kununua, swali la kwanza liwe: kifuniko changu ni cha namna gani? Bei itakuja baadaye.

Kama ni cha bati lililokandamizwa kwa mashine, chenye ukingo bapa, kama vifuniko vya malori na pikapu nyingi za zamani, gasketi yake ya asili mara nyingi ilikuwa ya gome, lile gome la mwaloni linalovunwa hasa Ureno na kutengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo. Gome husamehe. Linakubali ukingo uliopinda kidogo, nalo ni la bei rahisi. Udhaifu wake ni kwamba hukauka na kusinyaa, hata likiwa dukani halijaguswa. Ndiyo maana mafundi wa zamani hulilowesha kwanza kwenye maji ya vuguvugu likiwa limekakamaa, matundu yakarudi kukaa sawa na bolti. Kuna mchanganyiko wa gome na mpira, ambao kwa lori la kazi naupenda zaidi ya gome tupu.

Kama kifuniko ni cha kumiminwa kwenye kalibu na kina mfereji, hapo hakuna mjadala: ni mpira uliofinyangwa kwa umbo la mfereji ule ule. Lakini mpira nao una ukoo. Naitrili ndiyo ya kawaida, inaivumilia oili vizuri, ila joto likikaa juu ya nyuzi 100 na kitu huanza kukakamaa. Akriliki hustahimili hadi karibu 150. Silikoni hufika karibu 200 na hubaki laini miaka mingi, ingawa huchanika upesi ukiivuta vibaya. Rangi isikudanganye, ya chungwa au ya buluu haithibitishi kitu. Na mpira wa asili, huu wa kukatia kandambili, usikaribie hapo kabisa. Ukikutana na oili huvimba kama andazi. Nimeshamwona mtu akichora gasketi kwenye tyubu ya tairi na kuikata kwa mkasi, kazi safi kwa macho, wiki ya pili imetoka nje kama ulimi.

Kwa kifuniko cha bati siku hizi hupatikana pia gasketi ya silikoni yenye bati jembamba katikati na vipete vya chuma kwenye matundu. Vipete vile vina maana kubwa: bolti ikivifikia, haiwezi kuendelea kuiponda gasketi. Ukiiona, na inalingana na injini yako, ongeza pesa uichukue.

Kulingana, hapo ndipo wengi hupotea. Jina la injini pekee halitoshi. Chevrolet ya V8 ya lita 5.7, maarufu kwa pikapu za Marekani, hadi 1986 bolti za kifuniko zilikaa pembeni, ukingoni; kuanzia 1987 zikahamia katikati ya kifuniko. Injini ya jina lile lile, gasketi mbili zisizobadilishana. Nenda dukani na ya zamani mkononi, hata kama imekatika vipande vitatu, uilaze juu ya mpya kwenye kaunta.

Tena usinunue gasketi peke yake. Kwenye 22R chini ya kila nati kuna kipete cha mpira, na kwenye ncha za hedi kuna vizibo vya mpira vyenye umbo la nusu mwezi. Vipete vikishakuwa vigumu, nati inafika mwisho ukidhani umekaza, kumbe kifuniko hakijabanwa. Vizibo vya nusu mwezi ndivyo vinavyovuja kimya kimya huku gasketi ikibebeshwa kesi. Hapo penye pembe za nusu mwezi, tone dogo la silikoni ya tyubu lina kazi. Kwingine kote halina. Gasketi ya mpira iliyopakwa silikoni juu na chini huteleza na kutoka mahali pake ikibanwa, na ile inayomwagikia ndani hukatika vipande na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Umeponya tone, umeua injini.

Kabla ya kuchomeka mpya, weka ukingo wa bati juu ya kioo bapa. Utaona matundu ya bolti yamezama, kwa sababu mtu alikaza mno zamani. Yalaze juu ya kipande cha ubao mgumu, ugonge taratibu hadi yanyooke. Nati zenyewe, nyingi za injini hizi hutaka kati ya Nm 5 na 10 tu (Nm, nyutonimita, ni kipimo cha nguvu ya kukaza), wakati nati za tairi za pikapu hiyo hiyo zinapita 100. Ni nguvu ya kifundo cha mkono. Ukitumia bega, umeshapitiliza. Anza za katikati, uende nje kwa zamu.

Na kama umefanya yote hayo bado inavuja, fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma. Moshi ukikupumulia usoni kwa nguvu, kagua kwanza mpira wa kupumulia unaotoka kwenye tapeti kava kwenda upande wa kuingizia hewa. Mara nyingi umeziba kwa masizi ya oili. Ukiwa safi na bado injini inapumua, ringi za pistoni zimechoka. Gesi inapita pembeni mwa pistoni, inajaa chini ya kifuniko, na ile mvua niliyosema haina presha sasa inayo. Hapo hakuna gasketi ya duka lolote itakayokusaidia.