Bajeti ya jiji: anza na ukurasa wa mapato

Madiwani wakikaa kupitisha bajeti, kelele huwa kwenye vifungu vidogo. Posho za vikao, gari la meya, viburudisho: hapo kila mmoja ananyosha mkono, maana kila mmoja ana wazo la bei ya gari. Kifungu cha riba za mikopo husomwa kwa pumzi moja na kupita. Mimi kazi yangu ni kuchambua bajeti za majiji, na nikipewa kitabu cha bajeti sianzi na matumizi. Naanza na makisio ya mapato. Bajeti ikiwa na uongo, mara nyingi umelala huko.

Majiji mengi hubanwa na sheria kwamba matumizi ya kawaida yasizidi mapato. Mishahara haiguswi kirahisi, pensheni ni haki ya watu, na aliyekopesha lazima alipwe. Kinachobaki cha kugombania ni kidogo, na kila diwani ana kata yake inayosubiri taa au mtaro. Njia pekee isiyomuudhi yeyote mle ukumbini ni kuongeza makisio. Tuseme mwaka jana kodi ya majengo ilikusanywa kwa asilimia 70 ya lengo. Mwaka huu inaandikwa kana kwamba kila mwenye nyumba atalipa hadi senti ya mwisho. Hesabu zinalingana, makofi yanapigwa.

Kufika katikati ya mwaka, fedha hazijaingia. Mishahara inatangulia, riba inafuata, wazabuni wanaambiwa warudi wiki ijayo, na ukarabati wa barabara unasogezwa mbele. Kwa maneno mengine, bajeti halisi inapangwa na mweka hazina mezani kwake, akiamua hundi ipi itoke leo. Baraza lililojadili hadi usiku halina habari.

Mfano mkubwa ninaourudia kila mara ni New York. Kwa miaka kadhaa jiji lile lilikopa mikopo ya muda mfupi kwa kutegemea mapato ambayo mengine, zikiwemo kodi za majengo, hayakuwa na dalili ya kukusanywa. Matumizi ya kila siku, hata mishahara, yaliingizwa kwenye bajeti ya maendeleo ili yalipiwe kwa mkopo. Mwaka 1975 benki zikagoma kukopesha. Meya wa wakati huo, Abraham Beame, alikuwa mhasibu kwa taaluma na aliwahi kuwa mdhibiti wa fedha wa jiji hilohilo, kwa hiyo tusidhani tatizo lilikuwa kutojua hesabu. Maelfu ya wafanyakazi waliachishwa kazi, polisi na wazimamoto wakiwemo, na mwaka 1976 elimu ya bure katika chuo kikuu cha jiji ikakoma. Usimamizi wa fedha ukawekwa chini ya bodi iliyoundwa na serikali ya jimbo.

Kwa hiyo ukipata kitabu cha bajeti, tafuta safu tatu: makisio ya mwaka jana, makusanyo halisi, na makisio mapya. Safu ya katikati isipokuwepo, iulizie. Kukosekana kwake si bahati mbaya. Chanzo kikipanda ghafla, uliza kilichobadilika: viwango, idadi ya walipaji, au kalamu tu? Angalia pia mapato ya mara moja, kama kuuza kiwanja, yanayotumika kulipia gharama za kila mwaka. Kiwanja hakiuzwi mara mbili.

Halafu nenda kwenye malimbikizo ya madeni ya wazabuni, ambayo mara nyingi hufichwa kwenye viambatisho. Yakikua mwaka hadi mwaka huku kila bajeti ikidaiwa kulingana, jiji linakopa kwa mwenye duka la vifaa bila kumwomba ruhusa, na yeye ameshaanza kufidia hilo kwenye bei ya zabuni yake ijayo.