Sadaka ya Exeter Hall

Nikifundisha habari za wamisionari, hakosi mwanafunzi wa kuniambia: "Mwalimu, walikuja na Biblia mkono huu, bunduki mkono huu." Simkatalii. Ila namwambia atazame na mfuko wa sadaka.

Chukua Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda ya leo. Waanglikana wa CMS, chama cha wamisionari cha Kiingereza, walifika 1877, Mapadri Weupe wa Kifaransa, Wakatoliki, wakafuata 1879. Haikupita miaka kumi na mitano, waumini wao wakawa vyama viwili vya siasa vyenye silaha, vikiitwa Bangereza (Waprotestanti) na Bafransa (Wakatoliki). Yaani Mganda mtupu, hajawahi hata kuiona bahari, anaitwa Mfaransa kwa sababu ya ubatizo!

Desemba 1890 akaingia Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza, IBEA, na siku moja baada ya Krismasi Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, akatia sahihi mkataba. Lakini kampuni ilikuwa hoi kifedha. Mwaka uliofuata ikaamua kufunga virago.

Hapo ndipo Oktoba 1891 marafiki wa CMS walipokusanyika katika ukumbi wa Exeter Hall, London. Askofu Tucker alikuwa ametoka Uganda. Akawaeleza yatakayowapata Wakristo wa kule kampuni ikiondoka. Watu wakachanga. Zikapatikana zaidi ya pauni 15,000, nazo zikaenda kuibakiza kampuni ya biashara yenye askari. Waliotoa, sina shaka, wengi waliamini wanaokoa roho za watu.

Sasa angalia tarehe. Amri ya kuondoka ilimfikia Lugard Desemba 1891. Amri ya kubaki ikaja mapema Januari. Tarehe 24 Januari 1892 vita vikalipuka Mengo, makao ya Kabaka. Lugard alikuwa amewagawia Waprotestanti bunduki, na bunduki yake ya rashasha, Maxim, ikamaliza ubishi. Wakatoliki wakasukumwa Buddu, kusini-magharibi mwa Buganda, ndiyo maana hadi leo upande wa Masaka umejaa Parokia. Mwaka 1894 Uganda ikatangazwa kuwa himaya ya Uingereza.

Ila wasomaji wangu wa Kagera watanidai kipande chao. Askofu Hirth, mkuu wa Mapadri Weupe huko Buganda, alikimbilia kusini, upande wa Wajerumani, na mwaka huo huo wa 1892 misheni ya Kashozi ikaanzishwa karibu na Bukoba. Aliyefukuzwa kwa kuonekana mtu wa Ufaransa akapata hifadhi chini ya bendera ya Ujerumani, na kutoka huko akaenda kufungua misheni ya Save, Rwanda, 1900.